Karatasi Zile Hazikuwa Tupu

Mbele ya Mitundu, Singida
Jumapili, baada ya misa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua kwamba kabla Devota hajaufikia mstari huu umeshamuuliza barua ina kurasa ngapi, naye kwa kukuonea huruma amekujibu kuwa ni chache. Si chache. Devota, mdogo wangu, vuta kigoda ukae, usome yote bila kuruka. Ukifika mahali panapokutia aibu, pandisha sauti.

Hujambo lakini, Baba? Miguu inasemaje? Kikohozi cha masika kimekuacha? Migomba ya nyuma ya jiko imepona ule mnyauko, au mmeikata yote? Kuhusu macho sikuulizi. Habari za macho nimezipata kwa Devota, na ndizo zilizonifanya nikae chini kuandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu hunikata kauli. Barua haikatwi kauli. Uliniambia hivyo wewe mwenyewe.

Mimi ni mzima. Huku kipupwe kimekauka kama mfupa, upepo unaanza kuvuma kabla ya jua, midomo imenipasuka. Alizeti zimeshakatwa, na vichwa vyake vimeanikwa hadi kwenye uwanja wa shule, kwa hiyo wanafunzi wangu wasioona wanatembea kwa kunusa na kukanyaga. Nakula ugali wa uwele na mlenda mpaka wenyeji wananiita Mnyaturu. Ndizi nazikumbuka kama mtu anavyomkumbuka ndugu aliyefungwa.

Ulinifundisha pia kwamba barua iwe na kusudi, na kusudi lisijifiche kama mwizi wa kuku. Haya, kusudi langu ni hili: kukusimulia jinsi msichana mmoja asiyeona alivyokaribia kunyimwa mtihani wa darasa la saba, si kwa sababu hajui kusoma, bali kwa sababu wenye macho mazima walishindwa kuona. Nikimaliza hapo nitasema na wewe. Nina hasira, Baba. Usimwambie Devota, "Adventina ana hasira tangu azaliwe." Ni kweli, lakini hii ni mpya.

Msichana anaitwa Mwajuma. Ana miaka kumi na minne. Baba yake anafuga nyuki porini, upande wa Itigi, mtu mkimya asiyejua kusoma, anayenuka moshi na asali. Mwajuma alizaliwa akiona. Surua ikamchukua macho akiwa na miaka minne. Alipoletwa kwenye kitengo chetu alikuwa na miaka minane, hajui kufunga kitufe, maana nyumbani kila mtu alikuwa anamfungia. Sasa ni wa darasa la saba na ananisahihisha sarufi.

Kitengo chetu ni chumba kimoja, dirisha moja, watoto kumi na wawili, na mashine tatu za nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole. Mbili zinafanya kazi, ya tatu tunaichinja vipuri. Karatasi zake ni ngumu, na haziuzwi dukani huku. Nazifuata kwa basi hadi Manyoni, zinakofika kwa vifurushi. Hayo nilishakueleza. Narudia ili Devota na watoto wake wajue kwamba ukurasa mmoja wa Mwajuma ni kitu kilichosafiri.

Shule ni ya serikali, walimu ni watu wa kawaida, na wala sisemi kwamba wana roho mbaya. Laiti wangekuwa na roho mbaya! Mtu mwenye roho mbaya unapigana naye, unamshinda au anakushinda, mnakwenda nyumbani. Hawa wana huruma. Miaka ishirini na miwili nimepigana na huruma na bado inanipiga mieleka. Huruma ndiyo inayoleta sabuni na biskuti kwenye kitengo, ikawapanga watoto mstari ikawapiga picha, ikaondoka bila kuuliza kama wana vitabu. Huruma ndiyo inayomwambia mtoto wa darasa la tano, "Wewe pumzika, usijisumbue na hesabu." Nimeshasoma vitabu vingi vya watu waliotawala watu wengine, Baba, vingine vilitoka kwenye kabati lako, na wote walianza kwa kusema kwamba wanawahurumia. Huruma ni njia yenye adabu ya kukataa kufanya kazi.

Sasa sikiliza. Mtoto asiyeona hawezi kufanya mtihani wa taifa kwenye karatasi ya kawaida. Lazima aandikishwe mapema kuwa ni wa nukta nundu ili karatasi yake itengenezwe. Mwanzoni mwa mwaka ofisa wa elimu mjini, mtu mnene mwenye miwani mbili, moja puani na moja kwenye nywele, alinitazama akasema:

"Mwalimu, huyu mtoto anajua kweli? Isije ikawa tunatengenezewa karatasi, mtoto anafika chumbani anaipapasa tu."

"Anajua kukushinda," nikamwambia.

"Basi niletee ushahidi. Kazi zake. Faili zima. Nikiridhika, nampeleka."

Nilikasirika, maana watoto mia na zaidi wanaoona wanaandikishwa kila mwaka hapo shuleni bila mtu kudai ushahidi wa kwamba wanajua, na wengine nakuapia hawajui. Lakini nikalitengeneza faili, likakamilika kipupwe kimeshaingia. Insha za Mwajuma, imla, hesabu, barua moja ya kuomba kazi. Karatasi kumi na nane, kazi ya mihula mitatu. Nikalifungia kabatini ofisini, nikaenda Manyoni kufuata kifurushi cha karatasi mpya.

Niliporudi kesho yake jioni, faili lilikuwa juu ya meza yangu, limefutwa vumbi, jembamba kama samaki mkavu. Nikamwita Mwalimu Jumanne, kijana anayeshika funguo za stoo na za makabati. Ni kijana mwenye heshima sana, huyo. Anakuamkia hadi unaona haya kumgombeza.

"Shikamoo, madam. Pole na safari."

"Marahaba. Jumanne, vilivyokuwa ndani ya faili hili viko wapi?"

"Yale makaratasi matupu, madam?"

"Matupu?"

"Yale magumu. Jana kulikuwa na kikao cha wazazi, kile cha chakula cha mchana. Karatasi za mahudhurio zikaisha. Mtendaji wa kijiji akasema tutafute hata manila. Nikakumbuka yako. Ila faili lenyewe nimekutunzia, madam. Ni zima kabisa."

Baba, nilishika ukingo wa meza.

"Jumanne, hukuona nukta?"

"Niliona vipele vipele, madam. Nikajua yameingiwa na unyevu."

Unyevu! Singida, kipupwe, mahali ambapo hata mate yanakauka kabla hayajafika chini! Miaka mitatu anapita mbele ya dirisha langu anasikia mashine zinagonga, na hakuwahi kujiuliza zinagonga nini. Siku hiyo nilisema maneno ambayo padre ameshayasikia na kuyasamehe, kwa hiyo siyarudii. Yeye alisimama tu, ameinamisha kichwa, mikono nyuma, kisha akasema kwa sauti ya mtoto, "Madam, kwani pale palikuwa pameandikwa?"

Hapo hasira ikaniisha. Ana shahada ya ualimu.

Nikaenda kwa mtendaji. Karatasi zilikuwa kwake, zimebanwa kwa klipu, na juu ya insha za Mwajuma kumepigwa mistari kwa rula na peni ya buluu: Na., Jina, Kitongoji, Sahihi. Kumi na moja kati ya kumi na nane zimejazwa majina. Na wazazi wasiojua kuandika, Baba, wamegonga dole gumba kwa wino. Fikiria hilo taratibu. Watu wasiojua kusoma wamekandamiza vidole juu ya maandishi yanayosomwa kwa vidole, na hakuna hata mmoja aliyehisi kitu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna kitu cha kuhisi.

"Naomba karatasi zangu," nikamwambia mtendaji.

"Haiwezekani, mwalimu. Hizi sasa ni nyaraka za serikali."

"Zilikuwa nyaraka kabla yako."

"Zilikuwa tupu."

"Sema tena tupu," nikamwambia, "na mimi nitaisoma hii ya juu kwa sauti hapo barazani, watu wasikie mahudhurio yako yanasema nini."

Akadhani namtishia uchawi, naapa. Akaivuta klipu kifuani. Tulibishana saa nzima. Mwisho akakubali kuniazima, kwa masharti kwamba niandike barua ya kuomba na nitie sahihi kwenye daftari la kuazimia. Nikatia. Baba, nilitia sahihi kuazima insha za mwanafunzi wangu mwenyewe.

Nilimpelekea Mwajuma asubuhi, darasani. Sikumwambia kitu, nikaziweka tu mbele yake. Akapitisha vidole kwenye ya kwanza, akasimama, akarudi nyuma.

"Madam, nani amekalia insha yangu?"

"Kijiji kizima," nikasema, nikamweleza.

Nilitegemea alie. Akacheka, mpaka wenzake wakamwuliza nini, akawaeleza, wakacheka wote kumi na wawili, wakawa wanapokezana karatasi na kutafuta nani kabonyeza wapi. "Huyu ana kucha!" "Huyu alikuwa anakula muwa, ananata!" Kisha Mwajuma akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika:

"Baba alikuja kwenye kikao?"

Nikatafuta jina. Lilikuwepo, kwenye karatasi ya nne, na mbele yake dole gumba. Karatasi yenyewe ilikuwa insha ya nyuki. Ameeleza humo jinsi baba yake anavyomchukua porini, anamwekea sikio kwenye mzinga na kumwuliza umejaa au bado, kwa sababu sikio la Mwajuma halikosei. Kuna sentensi ninayoijua kwa moyo: "Mzinga ulioshiba unasema chini chini kama mtu anayesali peke yake, ila mzinga wenye njaa unagombana." Dole gumba la baba yake lilikuwa limetua hapo hapo, kwenye mtu anayesali.

"Niwekee kidole," akasema.

Nikakishika kidole chake nikakiweka kwenye wino. Wino hauna mwinuko, Baba, hakuna cha kuhisi hapo. Ila nukta nne zilikuwa zimelala. Akazipapasa kwa muda.

"Anabonyeza kama anavyobonyeza nta," akasema.

Sikuweza kufundisha kipindi kile.

Wiki iliyofuata nikamchukua Mwajuma tukaenda mjini kwa ofisa, na faili lenye madole gumba ya kijiji, na mashine mgongoni kwangu imefungwa kwa kanga kama mtoto. Ofisa akaifunua karatasi ya kwanza.

"Mwalimu, hii ni orodha ya mahudhurio."

"Juu ni mahudhurio. Chini ni Mwajuma."

Akachagua karatasi mwenyewe, kutoka katikati, akampa. Mwajuma akasoma. Alikuwa anakwenda vizuri, kisha akasimama.

"Hapa pameumia."

"Nini kimeumia?"

"Kuna mtu amekandamiza kalamu. Ametoboa."

Ofisa akashusha miwani ya kwenye nywele, akainama. Akaanza kucheka. "Sahihi ya mtendaji wenu. Huyu bwana hata barua anazonitumia zina matundu." Lakini cheko lilipokwisha akarudi kwenye kiti chake. "Anasoma, au ameshika kwa kichwa? Insha ni zake, anaweza kuwa amezikariri."

Nilitaka kumrukia. Mwajuma akanitangulia. "Baba mkubwa," akamwambia kwa adabu zote, "mtoe madam nje, unipe imla."

Wakanitoa. Nilisimama koridoni kama mtoto aliyechelewa, nikisikiliza mashine inagonga. Halafu wakaniita, ofisa akanisukumia karatasi.

"Soma ameandika nini."

Nikasoma kwa sauti: "Mbuzi watatu wa mwenyekiti wamekula mahindi ya mchungaji siku ya Alhamisi." Ofisa akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaendelea, kwa kuwa mistari ilikuwa inaendelea, na kinywa changu kikatangulia akili: "Ofisa ana njaa. Tumbo lake limenguruma mara mbili, ila anaona aibu kusimama."

Nikamtazama Mwajuma, ametulia kama aliyebatizwa jana.

"Hilo la pili sikulisema mimi," ofisa akasema.

"Lakini ni kweli?" Mwajuma akauliza.

Akacheka hadi katibu wake akachungulia mlangoni. Akatia sahihi pale pale. Tulirudi na lori la alizeti, tumekaa juu ya magunia, Mwajuma anaimba, na mimi, Baba, kwa mara ya kwanza mwaka huu nilikuwa sigombani na mtu.

Furaha ya mwalimu wa serikali haina maisha marefu. Baada ya siku kumi na mbili orodha ya watahiniwa ikaja. Mwajuma yumo, jina limeandikwa sawasawa, na mbele yake: maandishi makubwa.

Devota, umesoma sawa. Mtoto hana macho, wamempangia karatasi yenye herufi kubwa.

Nikapanda bodaboda, nikapanda basi, nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Ofisa hakuwepo. Alikuwepo karani wa kompyuta, binti wa watu, mpole, ana msalaba mdogo shingoni.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu maji."

"Marahaba. Nani alimwandikia Mwajuma maandishi makubwa?"

"Ni mimi, mwalimu. Kwenye mfumo kuna visanduku viwili. Kuna asiyeona, na kuna mwenye uoni hafifu. Nikaona ni kama wale wale, ila huyu wa pili ana nafuu kidogo." Akatabasamu, kweli anatabasamu. "Nikamwonea huruma, mwalimu. Nikamchagulia nafuu."

Baba, nimekuwa na majibu kwa wakaguzi, kwa wanasiasa, kwa yule mchungaji aliyetaka kuwaombea watoto wangu waone badala ya kuwanunulia karatasi. Kwa binti huyu niliishia kuutazama msalaba wake. Amemchagulia nafuu! Kwa kubofya mara moja, kwa moyo safi, alikuwa anakwenda kumweka mtoto huyo mbele ya karatasi ambayo kwake ingekuwa tupu kabisa, saa nzima, huku msimamizi akiandika kwamba mtahiniwa hakujibu lolote. Na kijiji kingesema, si tulijua?

"Na ukikosea kisanduku," nikamwuliza taratibu, "kinarudishwa vipi?"

"Mfumo umeshafungwa, mwalimu. Labda mkuu aandike barua."

Nikakaa kwenye benchi. Nilikaa siku hiyo na siku iliyofuata, nikala karanga, nikasoma kitabu kizima cha historia, mpaka ofisa akarudi kutoka safari. Nilimwonyesha orodha. Hakucheka. Alisema tu, "Mbuzi watatu wa mwenyekiti," akavuta karatasi akaandika barua kwa mkono wake, akaipeleka mwenyewe. Juzi Ijumaa marekebisho yakaja. Mwajuma: nukta nundu. Mwalimu mkuu wetu akalitangaza mstarini. "Ofisi ya shule," alisema, "imefanikisha." Nikayatazama mawingu, hayakuwepo, nikalitazama jua.

Mwalimu Jumanne alinifuata baada ya mstari. Amenunua daftari. Anataka nimfundishe herufi. Nilimwambia macho yake nitamfunga kitambaa kwanza. Amekubali.

Sasa tuje kwako.

Devota ameniambia kwamba vitabu vyako umewapa parokia, vyote, hata vile ulivyonikataza kuvigusa kwa mikono ya mafuta. Ameniambia kwamba huendi tena barazani, kwamba wageni wakija wanamwuliza yeye, "Amekula? Amelala vizuri?" na wewe umekaa hapo hapo, na unanyamaza. Wewe! Uliyemtoa mkaguzi darasani kwa kuingia na sigara! Ameniambia anakukatia ndizi vipande. Devota, soma, usilie. Sikulaumu, unafanya kwa upendo. Yule karani naye alifanya kwa upendo.

Wakati wa Pasaka nilikuambia nikufundishe nukta nundu. Ukanijibu, "Hayo ni ya watoto wa shule za vipofu. Mimi nimeshasoma vyangu." Nikanyamaza kwa sababu wewe ni baba yangu. Nimenyamaza miezi, na sasa nimechoka. Umefanya kile kile alichofanya Jumanne, tena wewe huna udhuru wake. Nilikuwekea karatasi mkononi, ukaipapasa mara moja, ukasema ni tupu. Maandishi hayo hakuyavumbua daktari wala mtu wa kutoa misaada. Aliyavumbua kijana asiyeona, aliyechoka kusubiri wenye macho wamsomee. Nilidhani mtu kama huyo ungempenda.

Mwajuma alipokuwa darasa la tatu alikuwa na tabia ya kunisukumia karatasi. "Nisomee, madam." Siku moja nikasikia kinywa changu kinamjibu maneno mawili, na sauti haikuwa yangu, ilikuwa yako. Unakumbuka? Mimi nami nilikuwa darasa la tatu. Ilikuja barua kutoka kwa shangazi wa Mwanza, bahasha ya mistari pembeni. Nikakuletea mezani, unasahihisha madaftari. Nikasema, Baba, nisomee. Hukuinua kichwa. Ukanijibu yale maneno mawili. Nililia, nikaenda nayo nyuma ya ghala la kahawa, nikahangaika nayo siku tatu. Siku ya tatu nikafika mwisho, nikagundua kwamba ilikuwa imeandikwa kwangu.

Nisalimie shangazi wa jirani, mwambie dawa ya miguu nitamletea. Nisalimie mjomba katekista, na aache kukuongelea katika sala kama marehemu. Wapwa zangu, watoto wa Devota, wasome. Na yule mzee wa kahawa mliyegombana naye kwa mpaka tangu mimi sijazaliwa, msalimie pia, na ugombane naye tena, tafadhali. Nitakuja Desemba likizo ikianza, na nitakuja na mashine.

Ndani ya bahasha, nyuma ya barua hii, kuna karatasi mbili ngumu. Devota, usizikunje, usiweke kitu kizito juu yake, na mtu yeyote asiziandikie hesabu za vibarua. Ya kwanza ina herufi zote kwa nukta, na juu ya kila moja nimeiandika kwa kalamu ili umwongoze kidole. Kila herufi inakaa kwenye nafasi ya nukta sita, kama mayai sita katika safu mbili za matatu matatu. Anza na a, ni yai moja.

Ya pili haina hata alama ya kalamu, na wote hapo nyumbani mtaiona tupu. Ameiandika Mwajuma, Jumamosi, peke yake, alipojua nina baba mwalimu. Nimeisoma, na sitawaambia inasema nini. Nyumba hiyo ina macho kumi na mawili mazima, Baba, na hakuna hata moja litakaloweza kukusaidia.

Imeandikwa kwako. Soma mwenyewe.

Mwanao mwenye hasira, anayekupenda,

Adventina